Gurudumu la Kuamia Ndege

Jirani yangu hapa Zinga ametundika makopo ya maziwa uani kufukuza kunguru. Upepo ukivuma yanagongana mara mbili, yananyamaza, kisha linalia moja. Wengine wanalalamikia kelele. Mimi nikiyasikia napata usingizi, na msinicheke kabla sijawaeleza.

Nilikulia bondeni Ruvu, upande wa Bagamoyo, ambako mama alilima mpunga. Mpunga ukianza kutia maziwa ndege huja kwa makundi, na kuwaamia, yaani kuwafukuza wasile, ilikuwa kazi yetu watoto. Nilipanda dunguni, kile kijukwaa cha miti katikati ya shamba, tangu alfajiri mpaka jua linazama, nikivuta kamba iliyofungwa madebe matupu kila pembe. Harufu ya tope na mpunga mbichi iliniingia mpaka kwenye nywele. Msimu huo shule niliisikia kengele yake tu, ng'ambo ya mfereji, wala sikuhuzunika. Nikivuta kamba, kundi zima la ndege liliinuka kwa amri yangu.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu mkuu alimwambia mama kwamba nikikosa msimu mwingine sitavuka kwenda la saba. Jioni mama alitoka na ringi ya baiskeli iliyopinda, akakata debe la mafuta vipande, akavifunga kwenye ringi mithili ya makasia na kuisimamisha mferejini, ikawa gurudumu la maji. Maji yaliposukuma, vijiti alivyovichomeka pembeni viliivuta kamba yangu na kuiachia. Madebe yakalia yenyewe!

Mzee Kondo, jirani yetu wa shamba, alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. "Mama Zuhura, na hiyo ikichoka utaipikia uji?"

Siku tatu tu, ndege wakalizoea. Gurudumu lililia ko, ko, ko, nao wakala huku wanalisikiliza. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nikarudi dunguni kwangu. Mama akakaa tutani siku nzima, jembe kaliweka kando, ananitegea sikio tu. Kesho yake aling'oa vijiti akavipanga upya: viwili pamoja, nafasi, kimoja, halafu nafasi kubwa. Sasa madebe yalilia ovyo ovyo, na ndege hawakuthubutu kutua.

Nikavalishwa sare. Jamani, niliumia. Nilijiona nimefukuzwa kwetu na kipande cha baiskeli. Siku ya nne mama aliwahi sokoni Bagamoyo, akiliamini gurudumu lake, nami njiani kwenda shule nikapitia shambani na kisu, nikaikata kamba.

Niliporudi, upande mzima wa mfereji masuke yalikuwa yamesimama matupu. Mama alikuwa amechuchumaa anaiunga kamba kwa fundo.

"Panya," alisema. Kisha akanyoosha mkono. "Hebu lete daftari nione ulichoandika."

Alilishika juu chini, akafunua kurasa zote taratibu. Mwaka ule mchele ulituishia mapema tukamalizia kwa muhogo.

Nilivuka kwenda la saba, nikavuka na mengine, leo nafundisha. Lakini kamba ile niliibeba moyoni mpaka juzi, mama alipokuja kunitembelea. Tulikuwa tunapepeta mchele, makopo ya jirani yakilia uani, nikashindwa kuvumilia.

"Mama, nisamehe. Ile kamba niliikata mimi."

"Najua. Panya hutafuna. Ile ilikuwa imekatwa sawasawa."

"Sasa mbona hukunipiga?"

"Nikupigie nini? Mtu kanyang'anywa kazi yake anayoipenda."

Nikamwuliza alijuaje kuvipanga vile vijiti hata ndege wakaogopa. Akanishangaa kana kwamba nimemwuliza jina langu.

"Si wewe huyo? Ulikuwa unavuta mara mbili, unasinzia, unashtuka, unavuta moja, halafu unalala kabisa. Ndege hawakujua utaamka saa ngapi. Nikakusikiliza siku nzima, nikakuweka wewe pale mferejini, ili wewe mwenyewe uende shule."

Miaka yote hiyo nilidhani gurudumu lilichukua nafasi yangu kwa sababu sikufaa. Kumbe mama hakupata cha kuiga kizuri kuliko mimi, pamoja na kusinzia kwangu. Nikainamia ungo nikalia kwa sauti, mtu mzima na watoto wangu wananitazama.

"Basi, Zuhura," mama akasema, akiuvuta ungo upande wake. "Utaulowesha mchele."