Vigae Nilivyovipanga

Nikimwagia maji chungu kikavu, harufu ya udongo ikapanda, viganja vyangu huanza kutoka jasho. Wengine harufu hiyo huwakumbusha mvua. Mimi hunikumbusha kosa ambalo mpaka leo sijawahi kuliandika.

Nilikuwa na miaka tisa. Kiwanda cha pamba alichofanyia kazi baba kilikuwa kimeuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, nasi tukahama mtaa wetu wa Mirongo, mjini, kwenda kwa bibi, kando ya ziwa upande wa Magu. Mwaka huo walikuja wachimbaji wa mambo ya kale. Chini ya rundo la magamba ya konokono walikuta mafiga, miiba ya samaki na vyungu vya wavuvi walioishi pale kabla ya chuma kujulikana. Mama alipata kibarua cha kuosha vigae, vile vipande vya vyungu, na kuvianika juu ya magunia, kila gunia na karatasi yake ya namba.

Majirani hawakuacha kumtania. "Mama Kabula, wenye vyombo wakirudi utawaambia nini?"

"Nitawaambia nimeviosha," alijibu bila kuinua kichwa.

Asubuhi moja wachimbaji walifikia kaburi la mtoto, amelazwa ubavu, magoti kifuani. Vipande vya chungu alichowekewa karibu na kichwa vikaletwa, mama akaviosha, kisha naye akaenda kutazama. Mimi nikaachwa nifukuze mbuzi.

Niungame: sikuweza kuvumilia kitu kilichokaa ovyo. Shuleni nilikuwa nachana ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja iliyopinda. Basi nikavipanga vigae vyote, vyeusi huku, vyekundu kule, vikubwa mpaka vidogo, kwa mistari. Karatasi za namba nikazikusanya pembeni, nikaziwekea jiwe zisipeperuke.

Mtafiti mkuu, mwalimu wa kike wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam, aliporudi alichuchumaa mbele ya mistari yangu. "Nani amefanya hivi?"

Mama, aliyekuwa amerudi naye, alitazama mistari, akanitazama mimi. "Ni mimi, mwalimu. Nilidhani vitapendeza."

"Vimependeza. Ila sasa hatujui kipi kilitoka wapi. Hata cha huyu mtoto."

Kesho yake kibarua alipewa mwingine. Mama akarudi kuuza mihogo ya kuchemsha barabarani, nami nikanyamaza.

Baadaye nilijisomea mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima, nikajua kwamba kigae kisichojulikana kilikotoka hakisemi kitu. Hilo lilininyima usingizi. Lakini lililochelewa zaidi kuniingia ni dogo: kuna mtu aliyekiweka chungu kile pale kwa mikono yake, karibu na kichwa cha mwanawe, nami nilikichanganya na vyombo vya watu wengine.

Mwaka jana nilijikaza nikamwomba mama msamaha. Alikuwa anaosha sahani. Hakuuliza ni kwa ajili ya nini.

"Ile mistari yako," alisema, "ilikuwa imenyooka sana. Mimi nisingeweza."