Miche ya Sabuni

Jirani yetu hapa Tunduma hakungoja kitu kiishe. Kopo la chumvi likifika nusu, tayari alikuwa njiani kwenda dukani. Ilikuwa miaka ya tisini, maduka yamejaa, na hata ukivuka tu kwenda Nakonde, upande wa Zambia, sukari ilikuwepo tele, lakini yeye aliweka akiba: viberiti kwenye kopo la maziwa, mafuta ya taa madumu mawili, na chini ya kitanda miche ya sabuni iliyokauka ikawa migumu kama matofali. Kila Jumamosi aliivuta nje, akaigeuza mmoja mmoja na kuifuta vumbi kwa kiganja, taratibu, kama anamgeuza mtoto aliyelala. "Mama, kuna vita inakuja?" nilimtania siku moja. "Cheka tu, mwanangu," alisema bila kuinua kichwa.

Mdogo wangu Felista alipofariki, wanawake wa mtaa walileta unga, maharage na kuni. Yeye alileta mche mzima wa sabuni, ameufunga kwa kitambaa cheupe. Mama yangu akamwambia sabuni ipo. "Najua ipo, dada. Lakini mwosheni kwa hii. Mwaka ule maduka yalipokuwa matupu, mtoto wangu nilimwosha kwa majani ya mpapai." Mama aliupokea kwa mikono miwili.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta jirani amepiga magoti kando ya kitanda chake. Nikapiga magoti karibu naye, tukaigeuza ile miche pamoja.