Sura ya Mwalimu Kwenye Skrini

Usha, mwenye ukumbi pale Chang'ombe, alisimama nyuma ya fundi wa taa. Mashine ileile ya taa ndiyo iliyokuza na kusogeza video kwenye skrini, na asubuhi, kwenye majaribio, sura ya marehemu mwalimu iliruka ghafla ikajaza ukuta mzima, binti wa marehemu akapiga yowe na kukimbilia nje. Sasa, kwenye kumbukumbu yenyewe, mjane wake alikuwa amekaa mstari wa mbele. Fundi alifuta kidole kwenye suruali, kama afanyavyo kila mara, akakiweka juu ya kitelezi, kile kidude cha kusukuma kwenye mashine.

"Ikiruka tena je?" Usha alinong'ona.

"Asubuhi nilibonyeza kitufe, mama. Sasa naisukuma kwa mkono, polepole." Sauti ilikuwa tulivu, ila shingo ilimlowa jasho. Alihesabu kwa midomo tu, akisukuma kidogokidogo kama anayemfunika shuka mtoto aliyelala. Sura ikakua bila kushtuka, ikateleza hadi katikati, ikatulia. Mwalimu alikuwa akicheka. Mjane akainuka, akaisogelea, mkono mbele.

"Iondoe basi, kwaya inasubiri," Usha alisema.

"Siwezi, mama," fundi alisema, akaondoa kidole kwenye kitelezi. "Bado wanatazamana."