Mguu Ambao Mama Alikataa Kuukanda

Wiki iliyopita mgonjwa mmoja aliingia chumbani kwangu kazini, akafungua mkoba, akatoa kichupa cha mafuta meusi ya mbegu za mchikichi. Kabla hajasema neno, harufu ilikwisha kunifikia: harufu ya karanga zilizoungua kidogo, na moshi, na kitu kitamu ndani yake. Nilisahau kumkaribisha. Nilikuwa Kanyosha, mtaa wa utoto wangu, na nilikuwa na umri wa miaka kumi, na mama yangu alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, mikono ikimeta hadi kwenye viwiko.

Mama alikuwa mkandaji. Alitoka Uvira akiwa msichana, akaolewa Bujumbura, na kazi ile aliifundishwa na mama yake. Tulikuwa na vyumba viwili tu, kwa hiyo nilipotoka shule nilifanya mazoezi yangu ya hesabu pembeni huku watu wakilia, wakicheka na kukoroma chini ya mikono yake. Msinionee huruma. Ilikuwa burudani kuliko televisheni ya jirani.

Baba alifanya kazi bandarini, na wabeba mizigo wenzake walikuja Jumamosi, migongo imekauka kama mbao. Hao mama aliwapanda kwa kiwiko na uzito wake wote. Kulikuwa na mmoja, Bosco, mwanamume wa kutisha kwa ukubwa, ambaye alikuwa anapiga kelele kama anayechinjwa, kisha anasimama na kusema, "Leo haukutia nguvu, Mama Aline." Aline ni mimi.

Baada ya Bosco huenda akaja Muzehe Gaspari, karani mstaafu, ngozi yake nyembamba hata ungeweza kuona mishipa ikipita. Mama alikuwa anamfunika kitenge kwanza, akamkanda juu ya kitambaa kwa viganja bapa, polepole mno, akimuuliza habari za wajukuu. Nilidhani anategea kazi. Siku moja nilimuuliza kwa nini Muzehe hapewi kiwiko, akaniambia, "Ule nikimukanda kama Bosco, mifupa itavunjika kama bisikwi." Wajawazito aliwalaza ubavu, wa kushoto, na mito miwili, na tumboni alipita kwa mafuta tu, bila kukandamiza. Vichanga aliwatumia ncha za vidole, na kabla ya kuwagusa alijipulizia mikono hadi ipate joto. Mtoto akianza kununa, aliacha. "Amekataa," alikuwa akisema, kana kwamba mtoto wa wiki tatu ameandika barua rasmi.

Sasa niwaambie siku ambayo nilimwonea mama yangu haya.

Kanisani kwetu kwaya iliongozwa na Mama Desideria, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kufungua milango. Alikuwa anachagua watoto wa kuimba Pasaka, na mimi nilitaka kuimba Pasaka kuliko nilivyotaka kula. Nilijifunza nyimbo zote. Nilimsalimia Mama Desideria mara mbili mbili njiani. Alhamisi moja mchana akaingia kwetu yeye mwenyewe, amemshika mkono mkwewe Nadine, aliyebeba kichanga alichojifungua siku kumi na mbili nyuma. Mama ndiye aliyemkanda Nadine miezi yote ya mimba.

"Mama Aline, mukande huyu mukwe wangu mguu," alisema Mama Desideria, akikaa kabla ya kukaribishwa. "Tangu jana analia. Ni uchovu wa kuzaa tu. Weka mafuta, weka nguvu, maumivu ishuke."

Nilileta kiti kingine. Nilitabasamu sana. Nadine alinyoosha miguu mkekani, na hata mimi niliona: shavu la mguu wa kushoto lilikuwa nene kuliko la kulia, ngozi imevutika na kung'aa. Mama hakuchukua mafuta. Aliweka mgongo wa kiganja juu ya mguu mmoja, kisha juu ya mwingine, akarudi tena kwenye wa kwanza. Akauliza, "Inauma hata ukikaa tu?" Nadine akaitikia kwa kichwa. Mama akaondoa mkono, akaufuta kwenye kitenge chake ingawa haukuwa na mafuta.

"Huu mguu sitaukanda."

"Apana! Kwa nini?"

"Iko na moto, na imevimba upande moja. Mi siugusi. Na mutu mwingine asiuguse. Mumupeleke hospitali sasa hivi, asitembee kwa miguu."

Mama Desideria alisimama. Sauti ile ya kwaya ikajaa chumba. Alisema kwamba mama anakanda wabeba mizigo wanaonuka jasho lakini familia yake anaikataa. Kwamba kuna mkandaji mwingine mtaa wa Mutakura, tena mwenye nguvu, na watakwenda kwake. "We unaogopa kazi yako mwenyewe," alimwambia.

Na mimi, nikiona Pasaka yangu ikitoka mlangoni, nilisema kwa sauti: "Mama, mukande tu, basi!"

Mama alinitazama. Hakukasirika; ingekuwa afadhali angekasirika. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya: alikwenda akasimama mlangoni, mwanamke mfupi mwenye miguu mitupu, akamzuia kiongozi wa kwaya asipite. "Unitukane vile unataka," alisema, "lakini Mutakura hamuendi." Akamwita jirani mwenye taksi, akamkalisha Nadine kiti cha nyuma, akapanda naye, na kichanga mapajani. Mama Desideria alipanda mwisho.

Nilibaki na mkeka. Nililia, si kwa ajili ya Nadine.

Walirudi jioni bila Nadine. Daktari alikuwa amekuta damu iliyoganda ndani ya mshipa wa mguu. Alimwambia Mama Desideria kwamba kama mtu angeusugua, donge lile lingeweza kung'oka na kupanda hadi mapafuni, na mtoto angebaki bila mama. Nadine alilazwa, akatibiwa, akapona. Mama alitueleza haya akiosha mikono kwa ajili ya kupika, kama mtu anayesimulia foleni ya sokoni.

Jumapili ya pili yake Mama Desideria alikuja na kitenge chake cha kanisani. Alikaa chini, mkekani, akanyoosha magoti yake yaliyochoka. "Nilikutukana," alisema. "Nikande pahali unaona inafaa. Pahali haifai, uache." Mama akacheka, akaanza kujipulizia mikono.

Pasaka niliimba, mstari wa nyuma. Lakini lile neno langu lilinikaa kooni miaka mingi. Nilipoingia chuoni kusomea tiba ya viungo, mwalimu alitumia asubuhi nzima kutufundisha miguu isiyoguswa, na nilishindwa kuandika kwa sababu ya machozi. Likizo hiyo nilimwambia mama, "Siku ile nilikwambia umukande tu." Alikuwa anachambua maharage. "Ulikuwa unataka kuimba," alisema, akasogeza ungo ili nisaidie.

Nilikuwa nimedhani ustadi wake ni nguvu za kiwiko. Kumbe kila aliyelala mkekani pale alikuwa kwanza anasomwa, kwa mgongo wa kiganja, kwa swali moja dogo, na mimi pia nilikuwa nikisomwa, hata siku nilipomwaibisha. Wenzangu kazini wakiuliza nilisomea wapi, nataja chuo, kwa adabu. Halafu nawaambia kwamba huko nilikwenda kujua majina ya Kifaransa ya mambo niliyokuwa nimeyaona nyumbani, na kwamba mwalimu wangu wa kwanza bado yupo Kanyosha, na bado anakataa watu.