Siku Komamanga Ilipofungwa Saba

Ijumaa, nyumba yetu ya Al Barsha ilinukia pilau mbili. Ya Mama ilikuwa na bizari nyembamba na karafuu, kama alivyofunzwa na bibi kule Voi. Ya Baba ilikuwa na zafarani na zabibu kavu, kama wapikavyo kwao Azabajani. Masufuria hayo yalikaa jiko moja bila ugomvi, na harufu zao zikafika hadi kwenye lifti, zikawaita wageni kabla hatujawaita sisi. Wa kwanza kufika siku zote alikuwa mjomba Wasswa, Mganda aliyekuwa mlinzi kwenye jengo la maduka ambako Mama aliuza viatu. Hakuwa ndugu yetu wa damu, lakini Dubai ilitufundisha kwamba ndugu ni yule anayejua sahani zinakaa kabati gani.

Baada ya kula, Baba alitusimulia habari za timu yake. Ilikuwa timu ya mji mdogo wenye mashamba ya makomamanga, na haikupata kucheza daraja la kwanza hata msimu mmoja. Ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha maji ya matunda. Mpira wao wa kwanza aliushona fundi wa matandiko ya farasi, ukawa mzito hata wakaogopa kuupiga kichwa. Uwanja wenyewe ulikuwa na mteremko, kwa hiyo kila nahodha alijua kuchagua upande kuliko kuchagua wachezaji. Baba alicheza beki wa kushoto miaka mingi. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walitawanyika kutafuta riziki, naye akaja kupika katika hoteli moja ya Al Garhoud. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: waliobaki mjini waliendelea kucheza. Jina la timu lilimshinda mjomba Wasswa kutamka, basi akaiita Komamanga kwa sababu ya nembo yake, nasi sote tukamfuata.

Msimu ninaoukumbuka nilikuwa na miaka tisa. Komamanga walikuwa wameshakosa kufika kwenye mechi moja, na chama cha mpira kiliwaonya kwamba wakikosa tena, au wakipungua uwanjani chini ya watu saba, jina lao litafutwa kwenye ligi. Mechi ya mwisho ilichezwa Ijumaa. Shangazi Sevda, dada yake Baba, alisimama kando ya uwanja akatuonyesha kwa simu. Picha ilikatikakatika, lakini tuliona ya kutosha kumfanya Baba ashike kichwa.

"Nane tu," alisema kwa Kiswahili chake cha kufundishwa na Mama. "Watu nane wamekuja."

"Nane? Na wengine wako wapi, Baba Leila?"

"Wengine kazini. Mmoja anaoa leo."

"Sasa na huyo hakuweza kuoa kesho?" Mama akauliza, na ukumbi mzima ukacheka.

Kicheko kilikatika kipindi cha pili. Mchezaji mmoja alitolewa akichechemea, wakabaki saba. Muda si mrefu kipa akaanguka, akalishika goti. Aliitwa Nazim, mwoka mikate wa mji, mtu mzima aliyecheza na Baba zamani. Akitoka yeye, mechi imekwisha na timu imekwisha. Baba aliinyakua simu akapiga kelele kwa lugha yao, na shangazi akainyoosha simu yake kuelekea golini ili Nazim asikie. Mjomba Wasswa naye hakungoja kutafsiriwa.

"Mzee, simama! Yalla! Usilale hapo, utalala nyumbani!"

"Simama, baba, simama!" Mama akaitikia, mikono kifuani kama yuko kanisani. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya kochi, nalia na kupiga kelele kwa pamoja, maana nilidhani Baba akiipoteza timu hii atakuwa hana kwao tena.

Nazim alisimama. Akaegemea mlingoti, akabaki hapo akiyatazama mabao yakimpita moja baada ya jingine. Mshambuliaji wa wapinzani, alipoona hali ile, kila akifunga aliingia wavuni mwenyewe kuutoa mpira ili mzee asiiname. Filimbi ya mwisho ilipolia tulikuwa tumefungwa saba bila, na wachezaji wote saba wangali wima. Baba alimbeba mjomba Wasswa mgongoni, wakazunguka meza. Jirani wa chini akaja kugonga mlango. Mama akampa sahani ya pilau, naye akakaa.

Siku hizi Baba na Mama wanaishi kule mjini kwao Baba. Baba anachora mistari ya uwanja kwa chokaa, na Mama anauza chapati siku za mechi. Wenyeji wanaziita mkate wa Dubai. Mjomba Wasswa amerudi Masaka. Mimi nimebaki, nafanya kazi kwenye ghala Jebel Ali, na mechi za Komamanga nazitazama kwenye metro nikirudi nyumbani. Picha ni safi kama maji, na benchi lina wachezaji wa akiba. Juzi walishinda mabao matatu. Nikatabasamu kimya, nisiwasumbue abiria, nikawaza kwamba furaha ya kushinda naijua sasa, lakini bado haijafika kimo cha ile ya kufungwa saba.