Hina Mikononi mwa Kipa

Hajra alikuwa kipa wa Zinga miaka mingi kabla hajawa mke wa mtu, na waliopanga siku ya harusi hawakuulizia ratiba ya mpira. Ndiyo maana fainali na Fukayosi ilimkuta ndani ya fungate, ananukia udi, hina imempanda mpaka viwikoni.

Mumewe, Ridhiwani, alicheka tu. Alijua tangu posa kwamba anaoa kipa. Mwenye kauli alikuwa somo yake Hajra, Bi Chausiku, aliyemfunda na kumchora, na kwake bibi harusi hatoki nje kabla ya siku saba. Hajra alimbembeleza asubuhi nzima, akamkanda miguu, akamkumbusha kuwa kipa wa akiba hufumba macho mpira ukija. Mwisho Bi Chausiku alilegea, kwa sharti moja: mikono iwe wazi. Hina ya bibi harusi huwekwa ili itazamwe.

Uwanjani, Kocha Ishaka alimpa glovu, Hajra akazikataa. Kocha akamuuliza amekuja kudaka au kupigwa picha.

Mshambuliaji wa Fukayosi, Mwaija, naye hakunyamaza. "Bi harusi, taratibu," alimwambia kila akipita golini. "Usije ukatuchafulia mpira."

Hajra alidaka, viganja vinawaka, na kila alipoinua mikono wanawake wa Zinga walipiga vigelegele. Mwishoni ikaja penalti. Mwaija akapiga. Hajra aliupata mpira, kweli aliupata, ila viganja vilikuwa vimelowa jasho. Ukamponyoka, ukabingiria polepole mpaka ukavuka mstari. Filimbi ikalia.

Alibaki amekaa pale pale golini, akiogopa uso wa somo yake kuliko wa kocha. Bi Chausiku akaja, akachuchumaa kwa taabu, akaigeuza mikono yake huku na huku kama anayechagua samaki.

"Tumefungwa, somo," alisema Hajra.

"Hilo goli ni lako na kocha wako. Hina yangu haijatoka hata ua moja."

Nyuma yake alisimama Mwaija, bado anahema. Akaomba aone. Aliutazama mkono wa kulia, kisha wa kushoto, bila utani safari hii.

"Shikamoo, mama. Mimi naolewa Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha. Fukayosi unafika?"

"Marahaba. Nafika," alijibu Bi Chausiku. "Ila kabla hamjataja siku, ulizieni ratiba."