Magoti ya Nyamizi

Zamani mgeni alikula siku mbili, ya tatu akapewa jembe, na akishavuna msimu mmoja akawa mwenzetu. Siku hizi jembe tunampa siku ile ile anayofika, na baada ya kulima miaka thelathini bado tunamwita mgeni.

Namsema Nyamizi, Msukuma, mjane wa Makoye, aliyekuwa jirani yangu huku ukingoni mwa mtaa wetu wa Katindiuka. Walikuja wakati yeye bado binti aliyeolewa juzi, pamoja na mumewe, mama mkwe wake Bibi Sayi, na ng'ombe. Ng'ombe hao walikwisha siku nyingi. Wengine walikufa, wengine waliuzwa, waliobaki waliondolewa bondeni wakati wa operesheni ya mifugo. Kisha Makoye naye akaondoka, kwa homa, tukamzika hapa hapa. Nyamizi akabaki na mama mkwe, shamba la mpunga na jina la "mfugaji". Alikuwa akifuga kuku watatu. Lakini kwetu Msukuma ni mfugaji hata akiwa fundi cherehani.

Sisi Wapogoro ni wenyeji. Wenyeji wa asili kabisa. Baba yangu alivuka mto pale Kivukoni kutoka upande wa Mahenge, mkononi ana mkeka na jogoo, akawakuta Wandamba wakivua samaki, nao wakamkaribisha wali. Babu yake Fidel, kijana ambaye nitamtaja sasa hivi, alivuka nyuma ya baba yangu. Hayo tumekubaliana kuyasahau, maana mtu akiyakumbuka hawezi kumwita mwenzake mgeni kwa sauti ya kutosha.

Kitu nilichompendea Nyamizi ni magoti yake. Wajukuu zangu wananisalimia "mambo, babu" bila kuinua macho kwenye simu, nami namshukuru Mungu kwamba wamegundua nipo. Nyamizi, mwanamke mwenye wajukuu wake mwenyewe, alikuwa akikutana nami njiani anatua mzigo wa kuni, anapiga magoti vumbini. "Shikamoo, baba." Na mkubwa akitokea mahali penye njia nyembamba, yeye anaingia majanini ampishe. Hivyo ndivyo alivyofunzwa na mama yake. Mama zetu pia walitufunza hivyo, kabla hatujaendelea.

Basi ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa, tukatangaziwa kwenda kujiandikisha. Asiyejiandikisha hapigi kura. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Dionisi, alikuwa amekalia kiti hicho mpaka kikachukua umbo lake. Safari hii akapata mpinzani, mama mmoja muuza mchele aitwaye Luciana, ambaye alikuwa akisema jambo la ajabu sana: kwamba kila anayelima hapa ni wa hapa. Wasukuma mtaani kwetu ni wachache, ila si wachache kiasi cha kumwacha Dionisi alale usingizi.

Kuwazuia hakuwezekani. Ni raia, ni watu wazima, wanaishi hapa. Sheria haikudai kingine. Na Dionisi ni mtu wa amani, hapendi kuvunja sheria mchana. Kwa hiyo akatumia heshima.

Kwanza alimtuma Fidel, mpiga debe wake, apite na kipaza sauti juu ya bodaboda. "Wenye asili ya ufugaji msisumbuke! Mtatangaziwa siku yenu!" Watu wale ni watiifu. Wakasubiri. Zilipobaki siku mbili nilimkuta Nyamizi uani kwake akipepeta mpunga.

"Mama Minza, umeshajiandikisha?"

"Bado, baba. Tunasubiri siku yetu."

"Siku yenu ipi? Ya kiyama?"

Ungo ukasimama. Akasema, "Mara ile nyingine walituambia nafasi zimejaa."

"Nafasi za kujiandikisha hazijai, mwanangu. Yale si mabasi."

Nikamuuliza kwa nini anaitaka hiyo kura, maana mimi nimeipiga maisha yangu yote na bado barabara yetu inapitika kwa mtumbwi. Akajibu taratibu, kama mtu anayeona aibu kudai kitu kikubwa. "Kila uchaguzi wanapita kuomba kura. Wanaingia kwako, wanaruka kwangu, wanaingia nyumba ya pili. Nyumba yangu wanaipita kama kichaka. Tangu Makoye afe, hakuna mtu aliyeniuliza mimi naonaje. Nataka na mimi niombwe."

Kesho yake akaenda, akiwa mbele ya wenzake. Kituo kilikuwa barazani mwa shule, na ukutani palibandikwa agizo zuri kuliko yote niliyowahi kusoma: wazee watangulizwe. Siku hiyo hiyo, mimi ambaye hata siku ya mtakatifu wa jina langu hakuna anayenikumbuka, nikaona bajaji imesimama mlangoni.

"Mzee Fulgensi, shikamoo! Panda, twende kituoni," akasema dereva.

"Nimeshajiandikisha wiki iliyopita."

"Si kitu, mzee wetu. Ukasalimie tu."

Nilipanda. Ukiona mtu anamjali mzee bure, mfuate, kuna jambo la kujifunza.

Nilichokikuta ni hiki. Kila Nyamizi alipokaribia meza, bajaji ilimshusha mzee. Fidel anapaza sauti, "Mama, mzee huyo!" Nyamizi anageuka, anapiga magoti, shikamoo, anampisha. Na kwa kuwa wenzake wanamwangalia yeye, foleni nzima ya Wasukuma inarudi nyuma hatua moja, kwa adabu. Mzee anakaa mbele ya karani, mwalimu mmoja kijana aitwaye Eveline, anaanza kumsimulia alivyofunga ndoa. Huyo akimaliza, anashushwa mwingine. Mzee Maximilian, aliyejiandikisha siku ya kwanza kabisa, alirudi mara tatu kuuliza kama jina lake limeandikwa kwa herufi eksi. Mara ya tatu alikuwa na soda mkononi.

Jioni kituo kikafungwa. Nyamizi alikuwa nyuma kuliko alipokuwa asubuhi.

"Nani kazuiwa hapa?" Fidel akawauliza watu huku akicheka. "Hakuna! Wenyewe wana heshima mno."

Tulirudi pamoja, magoti ya Nyamizi meupe kwa vumbi.

"Kesho usimpishe mtu," nikamwambia.

"Hata wewe, baba?"

"Mimi hasa."

Akacheka, akaziba mdomo kwa kitenge. Tulipofika kwake akauliza, "Nikimsukuma mkubwa ili nipate kura, mama ataniangalia kwa jicho gani?" Mama ni Bibi Sayi, aliyekuwa ndani wakati huo, akisikia kila neno kwa masikio yake mabovu yaliyokuwa yakipona kila palipokuwa na habari.

Siku ya mwisho nilikwenda mwenyewe, sikuhitaji bajaji. Nikawaona wanakuja. Nyamizi anakokota baiskeli, na nyuma kwenye keria, juu ya gunia lililokunjwa, amekaa Bibi Sayi, mdogo kama kifaranga, fimbo imelala mapajani. Umri wake haukuwa ukijulikana. Wakati wa uhuru alikuwa tayari na watoto.

Walipofika karibu na meza, bajaji ikafika nayo. Akashuka Maximilian.

"Mama, mzee huyo!" akaita Fidel.

Nyamizi akapiga magoti. Bibi Sayi hakusogea. Alimtazama Maximilian toka kofia hadi viatu.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Mimi ni mzee, bibi," akasema Maximilian. "Nimevuka sabini."

"Sijauliza umevuka wapi. Mtoto wa nani?"

Foleni ikaangua kicheko. Maximilian akavua kofia. Afanye nini? Yeye naye alilelewa, ingawa siku hizo zimepita. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa kivulini, mjukuu wangu, jua kali. Nasikia uliandikwa siku ya kwanza, leo unaandikwa tena. Una roho mbili?"

Eveline akampa Bibi kiti. Fidel akaona mambo yanaharibika, akasogea mezani. "Mwalimu, hawa si wakazi. Mkazi ni yule ambaye mtu wake amezikwa hapa."

"Hilo halimo katika maelekezo niliyopewa," akasema Eveline, kwa sauti ya mtu aliyechoka na wazee wa bajaji.

"Liweke," akasema Bibi Sayi. "Mwanangu amezikwa hapa. Wewe babu yako yuko wapi?"

Fidel akanitazama mimi. Nikamsaidia, kwa kuwa napenda vijana. "Yuko Mahenge," nikasema. "Alirudishwa kuzikwa kwao. Nilisindikiza jeneza mpaka Kivukoni."

Bibi akajiandikisha. Lakini kilichonifurahisha ni kwamba alipomaliza hakuinuka. Alibaki kwenye kiti chake kando ya meza, fimbo ameitega njiani. Mila inajulikana: mkubwa aliyekaa humpiti mpaka akuruhusu. Nao wazee wa bajaji walipofika, kila mmoja alilazimika kuanza na shikamoo, na Bibi aliwauliza swali moja tu: umeshaandikwa? Aliyeandikwa alielekezwa kivulini. Ambaye bado alipita mbele, kama agizo la ukutani lilivyotaka. Wengine waliobaki, Msukuma na Mpogoro, walipita kadiri walivyofika. Hakumpendelea mtu. Nadhani hilo ndilo lililomuudhi Fidel zaidi. Upendeleo angeweza kuulalamikia.

Zamu ya Nyamizi ilipofika, alisita, akageuka kutazama kama kuna mkubwa wa kumpisha.

"Pita," akasema Bibi Sayi. Akapita.

Majina yalipobandikwa, Dionisi aliyasoma, na wiki hiyo hiyo nikamwona kwa macho yangu akiingia uani kwa Nyamizi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Makoye. Nilikuwa narekebisha ua wangu, ua ambao siku hiyo ulihitaji marekebisho marefu.

"Shikamoo, bibi," akasema Dionisi, na goti moja likakunjika kidogo.

"Marahaba. Umechelewa, ila kiti kipo."

Akaketi. Akazungumza habari za maendeleo, za barabara, za undugu wetu wa tangu zamani. Mwisho akamgeukia Nyamizi. "Sasa mama, naomba kura yako. Utanipa?"

Nyamizi alikuwa amemletea maji. Akapiga magoti, akampa kikombe kwa mikono miwili. "Karibu maji, baba. Si mlisema kura ni siri?"

Dionisi alishinda. Msinitazame hivyo, sikuahidi hadithi ya watakatifu. Alishinda kwa tofauti ya kura ambazo angeweza kuzihesabu kwa vidole vyake mwenyewe, na tangu siku hiyo nyumba ya Nyamizi haikupitwa tena kama kichaka. Bibi Sayi alifariki masika yaliyofuata, wakati mimi niko Mahenge kwa binti yangu. Nyamizi sasa yuko ng'ambo ya mto kwa binti yake Minza, akilea wajukuu, na watu wa huko, nasikia, wanamwita mgeni.

Mara ya mwisho kuwaona njiani pamoja ilikuwa siku ile ya kura. Wametoka shuleni, wameshika kile kijia chembamba kati ya majaruba ya mpunga, Nyamizi anakokota baiskeli, Bibi juu ya keria. Nyuma yao ikaja bodaboda ya Fidel, inapiga honi. Nyamizi, kwa mazoea, akaanza kuisogeza baiskeli majanini. Bibi Sayi akamgonga begani kwa fimbo, polepole tu, naye akairudisha katikati ya njia. Honi ikanyamaza. Fidel akaweka miguu chini, akaisukuma pikipiki yake kwenye tope la jaruba, akasimama humo mpaka walipopita, mdomo wake ukisema kitu ambacho toka mbali kilifanana na shikamoo. Wapo wanaosema pikipiki ilikuwa imezimika tu. Inawezekana. Nilichokiona mimi ni mkono mdogo wa Bibi ukiinuka kuitikia, bila yeye kugeuka.